Treni ya bustanini inaposumbua: anzia chini ya reli

Treni ya mfano ikisimama bustanini, mkono wa kwanza huenda kwenye injini. Inageuzwa, inafunguliwa skrubu, gia zinatiwa mafuta, na jioni bado inasimama palepale. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, matatizo mengi hayatoki kwenye injini. Yanatoka kwenye ardhi iliyohama wakati wa masika, kwenye kiungo cha reli kilicholiwa na chumvi, au kwenye reli iliyorefuka kwa jua la saa 8 mchana. Kwa hiyo hapa tunaanza chini na kupanda juu: udongo, kokoto, reli, viungo, umeme, na injini mwisho.

Treni ninazozungumzia ni zile kubwa zenye njia ya mm 45, yaani upana kati ya reli mbili, ambazo LGB, watengenezaji wa treni za mfano wa Nuremberg, Ujerumani, waliziingiza sokoni mwaka 1968 zikiwa zimeundwa kustahimili kukaa nje. Mizani yake ya kawaida ni 1:22.5, yaani sm 1 ya mfano ni sm 22.5 za treni halisi. Zidisha mm 45 kwa 22.5 unapata takriban mm 1,012, karibu sawasawa na mita moja ya Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Yaani vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya reli za milimani za Ulaya vinaitosha Reli yetu ya Kati bila kulazimisha chochote. Ukitaka TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye mm 1,067, mizani inayokaa vizuri ni 1:24, na SGR, reli mpya ya kisasa ya mm 1,435, inaangukia 1:32. Jambo hili lina athari moja ya kiufundi: behewa la 1:22.5 ni pana kuliko la 1:32 ingawa yote yanapita kwenye njia ileile. Ukijenga handaki au jukwaa la stesheni kwa kipimo cha treni ya SGR kisha ukaleta mabehewa ya Reli ya Kati, yatakwaruza ukuta. Rangi ikianza kubanduka ubavuni mwa mabehewa, pima hapo kwanza.

Kabla ya kugusa chochote

Chukua chaki. Endesha treni polepole na weka alama kila inapokwama au kuanguka. Fanya hivyo asubuhi mapema, urudie mchana. Mabehewa tofauti yakisumbua mahali pamoja, kosa ni la njia. Behewa moja likisumbua kila mahali, kosa ni la behewa hilo. Tatizo likija mchana na kuondoka usiku, ni joto. Likija baada ya mvua, ni ardhi au viungo. Kazi hii ya chaki inachosha na watu wengi wanairuka, lakini ndiyo inayookoa siku nzima ya kufungua vitu vizima.

Inasimama au inasuasua palepale

Ondoa kwanza uwezekano wa uchafu. Futa reli mita moja kabla na mita moja baada ya alama ya chaki kwa kitambaa cha pamba kilicholowa spiriti. Treni ikipita vizuri, ilikuwa mafuta na vumbi tu. Lakini kama juu ya reli kuna utando mweupe, hiyo ni chumvi, na spiriti haiyeyushi chumvi vizuri. Osha kwa maji ya bomba au ya mvua, kausha, ndipo ufute kwa spiriti.

Chumvi hiyo haiji kwa upepo wa bahari peke yake. Maeneo mengi ya ukanda wa pwani ya jiji yana visima vya maji ya chumvi, na maji hayo ndiyo yanayomwagilia bustani. Mtu anapitisha mpira jioni juu ya maua na reli, maji yanakauka, asubuhi treni haisogei. Mbolea ya chumvichumvi nayo hufanya hivyohivyo. Kama huna maji mengine ya kumwagilia, elekeza mpira kwenye shina la mmea, na mwambie anayekusaidia kutunza bustani kwa nini unamwomba hivyo. Akielewa kwamba maji yale yanaua reli, atazilinda kuliko wewe.

Reli ikiwa imebadilika rangi na kuwa ya kahawia iliyokoza, shaba nyeupe iliyotengenezewa reli imeshika kutu yake, na kutu hiyo haipitishi umeme. Tumia msasa namba 400 au laini zaidi, kwa wepesi, ukisugua sehemu ya juu tu. Msasa mkali unaacha mikwaruzo, mikwaruzo inajaa vumbi, na baada ya wiki umerudi ulikoanzia. Stiliwaya ya kusugulia sufuria usiiguse kabisa. Nyuzi zake zinabaki kwenye kokoto, zinavutwa na sumaku ya mota, na siku moja zinaunganisha kilichopaswa kutengana.

Umefuta na bado? Sasa ni viungo. Hapa ndipo mita ya umeme inapohitajika, na hapa ndipo inapodanganya watu wengi. Ukipima reli tupu, utasoma volti 18 mwanzo wa njia na volti 18 mwisho wake, uamini kila kitu kiko sawa. Umeme haujabebeshwa kazi. Nenda kwa fundi umeme wa magari yeyote, nunua taa mbili za breki za volti 12 na wati 21, uziunge moja baada ya nyingine, kisha uziweke juu ya reli mwisho wa njia. Kwa volti 18 zitavuta takriban ampea 1.5, kama treni yenye mzigo. Sasa pima tena. Ukiona volti 18 zimeshuka hadi 11, tatizo limejionyesha.

Taa zikiwa bado zinawaka, pima kiungo kimoja kimoja: ncha moja ya mita kwenye reli kabla ya kiungo, ncha nyingine kwenye reli baada yake. Kiungo kizima kinasoma karibu na sifuri. Kinachosoma nusu volti au zaidi ndicho mwizi wako. Kwa kawaida hupati kimoja tu, utapata vitatu au vinne vinavyoibia kidogokidogo, na ndiyo sababu treni inapungua nguvu taratibu kadiri inavyokwenda mbali na chanzo cha umeme.

Dawa ya haraka ni kufungua kiungo, kukisafisha ndani, kupaka grisi ya grafaiti na kukirudisha. Kwa Dar, dawa hiyo haidumu. Napendelea kimoja kati ya viwili: vibano vya kuungia reli vinavyokazwa kwa skrubu za stenlesi, au kipande cha waya laini kilicholehemiwa pande mbili za kiungo, kikiwa kimelegezwa ili reli iweze kurefuka na kufupika. Kulehemu reli ya shaba ya unene huu kunahitaji pasi ya kulehemu ya wati 100 hivi, kwa kuwa reli inanyonya joto haraka. Sogeza kwanza mataruma ya plastiki, vile vipande vya kukingama vinavyoshika reli, mbali na hapo, la sivyo yatayeyuka. Juu ya hayo, laza chini ya njia yote waya wa shaba wa 2.5, uleule unaotumika kwenye soketi za nyumbani, na uunge na reli kila baada ya mita nne au tano. Reli zisibebeshwe peke yake kazi ya kusafirisha umeme.

Inaacha njia

Ikiwa alama za chaki ziko mahali pamoja, piga magoti utazame njia kwa usawa wa reli. Macho yanaona kwa pembe hiyo kile yasichokiona ukiwa umesimama. Weka pima maji fupi juu ya reli zote mbili, uisogeze kidogo kidogo. Reli moja kuwa chini kuliko nyingine si kosa kubwa ikiwa imeshuka taratibu kwa urefu. Kosa ni msokoto: hapa kushoto iko juu, hatua moja mbele kulia iko juu. Behewa gumu lenye magurudumu manne halina jinsi ya kufuata msokoto huo, gurudumu moja litaning'inia na kupanda juu ya reli. Toa kokoto chini ya mataruma, inua upande ulioshuka, shindilia upya kwa kijiti bapa.

Kisha pima upana. Chonga kipande cha plastiki ngumu cha mm 45 kamili na ukipitishe ndani ya reli zote. Kikilegea mahali, mataruma yamechoka. Jua linafanya plastiki kuwa nyeupe na kukatika, na vijino vinavyoshika reli ndivyo vinavyoondoka kwanza. Badilisha mataruma hayo, gundi haitayashika.

Kona nazo zina lawama zake. Nusu kipenyo ya sm 60 ndiyo kona ndogo zaidi ya kawaida kwa vifaa hivi, na mwenye uwanja mdogo wa Sinza au Tabata huvutiwa nayo kwa sababu inabana nafasi. Injini fupi na mabehewa mafupi yatapita. Lakini behewa la abiria la Reli ya Kati likitengenezwa kwa urefu wake wa kweli linakaribia sm 80, na hilo kwenye kona ya sm 60 litavuta wenzake nje. Kwa mabehewa marefu, mita 1.2 iwe ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Na usiunganishe kona ya kushoto moja kwa moja na kona ya kulia. Weka kati yake kipande kilichonyooka chenye urefu wa behewa lako refu zaidi.

Kama ni behewa moja linaloanguka kila mahali, pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu kwenye ekseli moja. Iwe karibu mm 40. Likiwa sawa, lipime uzito mkononi ukilinganisha na wenzake. Behewa jepesi lililowekwa nyuma tu ya injini, likifuatwa na mabehewa mazito, litavutwa ndani ya kona na kuanguka hata kama njia ni nzuri. Lirudishe mkiani, au liongezee uzito chini kabisa, karibu na ekseli.

Mwinuko ukizidi sm 2 au 3 kwa kila mita moja, injini itateleza na magurudumu yatasugua reli. Hilo halirekebishwi kwa usafi. Linarekebishwa kwa sepeto.

Mchana zimejipinda, usiku zimenyooka

Shaba nyeupe hurefuka kwa takriban sehemu 19 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Reli iliyokuwa na nyuzi 20 alfajiri ya Julai inaweza kufika 55 ikipigwa na jua kali la mchana. Kwa njia ya mita 10, hiyo ni zaidi ya mm 6 za urefu wa ziada, na lazima ziende mahali fulani. Zisipopata nafasi kwenye viungo, zinasukuma njia pembeni na kufanya kigongo.

Kwa reli ya mita 1.5, nafasi ya mm 1 kwenye kila kiungo inatosha, ikiwa unalaza njia asubuhi kukiwa na ubaridi. Ukilaza saa 8 mchana reli zikiwa zinachoma vidole, zikutanishe karibu kabisa, kwa sababu tayari zimerefuka. Watu huweka nafasi ileile bila kujali saa, na usiku wanakuta viungo vimeachana.

Sababu ya pili ya vigongo ni kupigilia njia kwenye zege kwa skrubu kila mahali. Njia inatakiwa ielee juu ya kokoto, ishikiliwe sehemu chache tu, hasa katikati ya sehemu zilizonyooka. Kona zenyewe zina uwezo wa kupanuka kidogo nje na kurudi bila kudhuru kitu.

Baada ya masika

Mvua za Machi hadi Mei ndizo mtihani wa kweli wa njia ya bustanini hapa. Vuli nayo inajaribu, lakini masika ndiyo inayofichua kila kona iliyofanywa kwa haraka.

Dalili zinatofautiana kwa udongo. Kwenye mchanga, kama Kigamboni na Mbezi Beach, maji yanachimba na kubeba: unakuta mataruma yananing'inia hewani na kokoto ziko uani kwa jirani. Kwenye mfinyanzi wa mabondeni, udongo unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo njia inapanda Aprili na kushuka Agosti hata kama hakuna kilichosombwa. Wa mchanga anahitaji kuzuia, wa mfinyanzi anahitaji kutenganisha njia na udongo.

Msingi unaofaa kwa wote wawili ni huu. Chimba mtaro wenye upana wa sm 20 na kina cha sm 15. Tandika chini na pembeni kitambaa kinachopitisha maji. Viroba vya kufumwa vilivyotobolewa vinafanya kazi nzuri ukivifunika visipigwe na jua. Jaza kokoto za kawaida za ujenzi hadi zibaki sm 4 au 5, shindilia, kisha malizia kwa chenga za kokoto zenye pembe kali za mm 3 hadi 6. Umbo lina maana kubwa hapa. Chenga zenye pembe zinakamatana. Changarawe laini za mtoni zinateleza juu ya nyingine na njia inatembea. Vumbi la kokoto likichanganywa kidogo linasaidia kushika, lakini likizidi linaziba mapengo na maji yanasimama. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata kidogo, kwa ile chumvi tuliyoizungumza.

Tuta lote liwe juu ya usawa wa bustani, na maji yapewe njia yao. Pale yanapozoea kukatiza, pitisha bomba la PVC chini ya tuta kama kalavati, mdomo wake ukiwa na wavu wa kuzuia majani. Ili kujua yanakatiza wapi bila kusubiri mvua, mwaga ndoo kadhaa upande wa juu wa bustani na uyafuate kwa macho.

Msingi wa mbao ninaukataa kwa Dar. Mchwa wataumaliza kutoka ndani wakati juu unaonekana mzima, na dalili ya kwanza utakayoiona ni njia kuzama sehemu moja bila mvua yoyote. Ukiona vijia vya udongo juu ya mataruma, chimbua hapo siku hiyohiyo. Mataruma ya plastiki hawayali, lakini udongo wanaoupandisha unashika unyevu ubavuni mwa reli.

Njia ikiinuka taratibu bila mvua kuhusika, tafuta mzizi. Mwembe ulio mita tatu kutoka kwenye njia unaweza kufanya hivyo, na utomvu wa maembe yanayodondoka unanata juu ya reli kiasi cha kusimamisha gurudumu.

Pointi hazifungi

Pale njia inapogawanyika, ulimi wa reli lazima ubane kabisa upande mmoja au mwingine. Punje moja ya mchanga inatosha kuuzuia. Puliza, piga brashi, usitie mafuta ya maji kwa sababu yanakusanya vumbi. Unga wa grafaiti unafaa zaidi. Mota za umeme za pointi zinazokaa nje hujaa sisimizi, na sisimizi wakikauka ndani ya swichi umeme haupiti. Kwa maoni yangu, pointi za kusukuma kwa mkono ndizo zinazofaa bustani zetu.

Wakati wa masika pitisha mkono njiani kabla ya safari ya kwanza. Jongoo na konokono wanapenda ubavu wa reli, na ute wa konokono ukikauka unazuia umeme kama rangi. Vipande vya waya usiviache uwanjani pia, kwa kuwa kunguru wa mjini hujengea viota.

Injini yenyewe

Sasa unaruhusiwa kuifungua. Igeuze magurudumu juu, uipe umeme moja kwa moja kwenye magurudumu. Mota ikinguruma na magurudumu yasizunguke, gia imepasuka au imelegea kwenye ekseli. Gia za plastiki hupasuka kwenye shimo la ekseli ambako si rahisi kuona, hivyo ishike ekseli na ujaribu kuizungusha kwa kidole. Pasipo sauti yoyote, angalia waya na kaboni za mota. Ikizunguka vizuri juu ya meza lakini ikiteleza njiani, pete za mpira kwenye magurudumu zimekauka kwa joto. Na ukikuta grisi imekuwa nyeusi yenye chembechembe, huo ni mchanga. Osha yote, paka mpya kidogo. Grisi nyingi inakaribisha mchanga mwingi.

Umeme ukikatika na kurudi

Kidhibiti mwendo kinaweza kuungua umeme unaporudi kwa kishindo. Kipitishe kwenye kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Adapta ikae ndani ya nyumba, mahali pakavu, na kinachotoka kwenda bustanini kiwe volti 24 kushuka chini. Volti 230 zisifike kwenye majani mabichi, hata kwa muda mfupi, hata kwa waya mzuri. Watoto wanakanyaga hapo peku.

Aliyechoka na viungo anaweza kuhamia betri ndani ya injini na kuendesha kwa rimoti. Kwa hewa ya chumvi ya huku, naona ndiyo njia bora, maana reli inabaki na kazi moja tu ya kubeba. Seli nne za lithiamu za 18650 (za mviringo, mm 18 kwa mm 65) zikiungwa mfululizo zinatoa takriban volti 14.8, na zikijaa 16.8. Treni ikizima baada ya muda mfupi ingawa betri ni mpya, soma maandishi kwenye seli. Iliyoandikwa 9,900 mAh (kipimo cha umeme unaobebwa na seli) si ya kweli. Seli nzuri ya umbo hilo hubeba kati ya 2,000 na 3,600 hivi, na ile yenye namba kubwa mara nyingi hubeba chini ya hapo. Treni ikizima mchana tu, saketi ya injini au betri imepata joto kupita kiasi: toboa matundu chini ya ganda la injini, na usiiache injini ikiwa imeegeshwa juani. Seli ziwe na saketi ya ulinzi, zichajiwe kwa chaja ya lithiamu isiyovuka volti 4.2 kwa kila seli, zikiwa nje ya injini, kwenye sakafu ya saruji mbali na mapazia, na mtu akiwa macho.